Nilikwenda Bobo Kutafuta Kasoro

Barua ilifika Jumanne: shule moja ya Bobo-Dioulasso ilimtaka mume wangu Noaga akawe mwalimu mkuu, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Aliisoma mara tatu, sauti ikipanda kila mara. Mimi niliendelea kukata bamia.

Nimekaa Ouagadougou miaka ishirini na minane. Kila Alhamisi wanawake saba tunakutana uani kwa Takko, tunayafudikiza mabuyu yetu ya ngoma juu ya kitambaa, tunavaa pete za kuyagongea na kupiga mpaka viganja vinawaka moto. Ni pale nilipolia mama yangu alipofariki. Ni pale nilipochekwa, nikacheka na mimi, jino langu la mbele lilipong'oka katikati ya wimbo. Nina miaka hamsini na miwili. Niambieni, mtu wa umri huo anakwenda kubisha hodi nyumba gani, aseme naomba marafiki? Niliogopa, ndiyo. Lakini Noaga nilimwambia kitu kingine.

"Bobo ni mji wa balafoni, zile marimba zao za mbao. Buyu langu nitampigia nani?"

"Twende tukaone kwanza, Dikko. Siku mbili tu. Usipopata pa kuliweka buyu lako, nawaandikia hapana, na sitalitaja tena."

Afadhali angekasirika kidogo. Ameungoja ualimu mkuu miaka kumi na mmoja, na alikuwa tayari kuuacha kwa sababu ya buyu. Ilinichoma, lakini sikulegea. Nilikwenda Bobo kutafuta kasoro, na nilizitafuta kwa bidii.

Jumamosi tulianza na jumba la makumbusho. Lilikuwa na vinyago vizuri na mlinzi aliyesinzia, nami nikamwonyesha Noaga yule mlinzi. Kutoka hapo tukaenda nyumba moja yenye picha za zamani: vijana wa miaka ya uhuru wamepanda pikipiki isiyo yao, mabibi wanne wameizunguka redio moja, wamevaa vitenge sare, wanajizuia kucheka. Nilisimama mbele ya wale wanne muda mrefu.

"Vipi?" Noaga akauliza.

"Fremu imekwenda upande."

Jioni tulitazama mchezo wa kuigiza, nikasema viti vigumu. Ulikuwa mchezo mtamu, Mungu anisamehe.

Jumapili asubuhi zilibaki saa nne kabla ya basi letu. Noaga, sura imemwanguka, akasema basi angalau tupite Bolomakoté, mtaa wa wapiga muziki. Tukafuata mlio mpaka kwenye ua mmoja ambako mzee mwenye kofia ya kufuma alikuwa amechuchumaa, anakwangua ubao wa balafoni kwa kisu, anaugonga, anasikiliza, anakwangua tena. Jina lake Millogo. Ukutani vijana watatu walikuwa wanafunga kamba. Kando yake palikuwa na rundo la vibuyu vidogo, vile vya kuning'iniza chini ya mbao.

Vidole vyangu havina adabu. Nikainama, nikagonga kimoja, nikagonga cha pili.

"Mama, unachagua tikiti?" mzee akauliza bila kuinua macho.

"Nasikiliza. Hiki kimepasuka."

"Hakijapasuka. Nimekikagua mwenyewe jana."

"Kimepasuka kwa ndani."

Akakichukua, akakigonga sikioni mwake. Akakigonga tena. Kisha akakitupa nyuma ya mgongo wake na kunitazama vizuri kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Wewe ukoo gani?"

"Diallo."

Mzee Millogo aliweka kisu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Korotimi! Korotimi, njoo haraka! Yule mtumwa wetu aliyetoroka amejileta mwenyewe!"

Mkewe akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Mfulani? Yuko wapi? Mbona simwoni? Ah, kumbe ni huyu, nilidhani ni fimbo ya kuchungia!"

Wafulani na Wabobo ni watani tangu hapajakuwa na barabara. Sikuwa nimetaniwa hivyo tangu nitoke kwetu kaskazini, na moyo wangu ulijaa ghafla. Nilivuta kilemba, nikajibu.

"Mtumwa nani? Babu yako alichunga ng'ombe wa babu yangu, mshahara wake mtindi. Na wewe usinisogelee, kiwavi kimekwama kwenye meno."

"Viwavi vyetu vitamu! Nyinyi mnakunywa maziwa mpaka mmekonda, upepo ukivuma mnashika mkia wa ng'ombe msipeperuke!" Korotimi akamgeukia Noaga. "Shemeji, pole sana. Wewe Mmosi, mtu na heshima zako, ulikosa mke?"

"Mimi simo," Noaga akasema, amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, anafuta machozi ya kicheko. "Hayo yenu."

"Kesi iko wazi," Millogo akatangaza. "Mfulani amegusa vyombo vyangu bila ruhusa. Faini: apige."

"Nipige nini?"

"Unachojua. Kama mikono hiyo inajua chochote zaidi ya kukamua."

Korotimi akaniletea buyu lake kubwa la kuoshea nafaka, akalifudikiza juu ya mkeka. Nilivua viatu, nikakaa. Pete zangu huwa pochini siku zote. Nilizivaa moja moja.

Millogo alishika vijiti vyake viwili vyenye vichwa vya mpira, akaanza kwa kasi, makusudi kabisa. Balafoni ikakimbia na mimi nyuma yake nikihema, na niliwaza, haya ndiyo niliyoyasema, buyu langu litamezwa. Vijana wakaanza kucheka. Nikaacha kumfuata. Nikapiga ile ya kwetu, ya taratibu, kiganja kwanza kisha pete, kama tunavyopiga kwa Takko. Mzee akainua uso. Mkono wake wa kushoto ukatulia, wa kulia ukapunguza mwendo, ukaja kukaa juu ya mdundo wangu. Korotimi akatupa mwiko, akaingia katikati akicheza na mabega yake manene. Majirani wakachungulia ukutani, kisha wakaacha kuchungulia wakaingia. Nilipiga mpaka kilemba kikaanguka. Nilifurahi hata nikaona haya.

Tulipopumzika Millogo alisema, akijifanya anaongea na balafoni yake, "Mji huu kila mtu anataka kupiga balafoni. Mpiga buyu wetu aliolewa Banfora mwaka juzi. Tunakutana Alhamisi."

"Alhamisi?" nikauliza.

"Umeziba masikio? Maziwa yameingia?"

Noaga alikuwa anatazama kucha zake. Namshukuru mpaka leo.

Saa saba ikafika. Niliinuka kutafuta viatu. Kimoja kilikuwepo.

"Kingine kiko wapi?"

"Nimekishika," Millogo akasema. "Mtumwa haondoki hivihivi akatoroka tena."

"Mzee, nina basi! Nitafikaje Ouagadougou peku?"

"Mguu mmoja tu. Ng'ombe wako ana minne na hajalalamika."

Niliapa, nikamtukania ukoo mzima. Uani watu walikuwa hoi kwa kicheko. Mwishowe Korotimi alinitupia ndala ya kijani, kubwa hata ningeweza kulala ndani yake. "Na hiyo si zawadi," akasema. "Naitaka irudi." Nikatoka nikichechemea, mguu mmoja ngozi, mwingine plastiki.

Ndani ya basi Noaga alikaa dirishani na barua mapajani. Tulipita soko, tukapita miembe ya mwisho ya mji. Alisubiri mpaka kondakta alipomaliza kukagua tiketi.

"Kesho Jumatatu," akasema polepole. "Niwaandikie nini, mke wangu?"

Nilifungua pochi nitafute leso, na kijiti kimoja chenye kichwa cha mpira kikachomoza. Noaga alikitazama, akanitazama mimi, macho yamemtoka.

"Dikko! Umemwibia mzee kijiti cha kupigia?"

"Nimekishika," nikasema.

"Ulikichukua saa ngapi?"

"Kabla hajachukua kiatu."

Noaga alifunika uso kwa barua yake, mabega yakaanza kutikisika. Nikamnyang'anya ile barua isije ikakunjika.

"Waandikie tunakuja," nikamwambia. "Tena haraka. Mzee wa watu atapigaje kwa mkono mmoja?"