Simu ya Zamu

"Sitini kwa thelathini na tano," muuguzi Kendra alisema, macho kwenye mashine. "Presha inashuka, Darlene."

Darlene Stamper alikuwa ameshajua. Miaka ishirini na mbili ya uuguzi ilikuwa imemfundisha kushika mkono wa mgonjwa kwanza, na mikono ya mzee Verlin Caudill, mchimba makaa mstaafu, ilikuwa baridi hadi viwikoni. Nimonia ilikuwa imemwingia kwenye damu. Dripu tatu hazikusaidia kitu.

Mlangoni alisimama Rhonda, mwalimu wa Darlene, mikono mifukoni. Muuguzi anayesomea utabibu wa wagonjwa mahututi, kama Darlene sasa, huamua tiba mwenyewe. Mwalimu hafungui mdomo ila mgonjwa akiwa hatarini kwa kosa la mwanafunzi. Muhula huu Rhonda alikuwa amefungua mdomo mara mbili. Akifungua tena leo, Darlene basi, masomo yameisha.

"Mbona kimya, binti?" mzee alisema akitweta. "Unanitazama kama mke wangu nikirudi nimelewa."

"Tulia, mzee wangu. Niko hapa."

Dawa aliijua. Kipimo alikijua. Akanyakua simu ya ukutani, akabonyeza namba ya mtabibu wa zamu aombe ruhusa, kama alivyofanya maisha yake yote.

Simu ikalia mfukoni mwake.

Ilimchukua milio mitatu kuelewa. Tangu asubuhi simu ya zamu alikuwa nayo yeye; mtabibu wa zamu leo alikuwa yeye. Kendra aliinamisha uso kuficha kicheko, kisha akautazama tena ule uso wa mzee, kicheko kikamwishia. Aibu ilimchoma Darlene shingoni, na nyuma yake ikaja hofu tupu. Akamgeukia Rhonda kwa macho ya kuomba. Mikono ya Rhonda ilikuwa imeshatoka mifukoni.

"Kendra," Darlene alisema. "Anza dawa ya kupandisha presha. Ipitishe mshipa huo huo wa mkononi, tusingoje kuweka mpira wa shingoni."

"Niandike nani ameagiza?"

"Mimi. Andika Stamper."

Pale mlangoni, Rhonda akairudisha mikono mifukoni.

Dawa ilianza kuingia. Presha hamsini na nane. Hamsini na sita. Mzee alikuwa amefumba macho. Darlene alimshika kifundo cha mkono, akitafuta mpigo kwa vidole viwili, na Kendra akageuka akimtazama Darlene, si Rhonda, akingoja aambiwe la kufanya.