Betri Sebuleni kwa Mshonaji

Mshonaji alikuwa anapinda sketi ya shule, pini mdomoni, gari la ushirika lilipoingia uani na paneli za sola. Lilipita mlangoni kwake bila hata kupunguza mwendo, likaenda kusimama ng'ambo, kwa mdogo wake Kipenzi. Jina hilo alipewa na mama yao, na mtaa mzima ukalichukua. Yeye mkubwa hakuwahi kupewa jina lolote zaidi ya "we, njoo".

Bati la Kipenzi lilipokea jua vizuri kuliko mabati mengine yote, na hiyo ndiyo sababu ya paneli za mtaa kuwekwa pale. Ungemweleza Mshonaji, angeelewa? Wapi! Alitema pini, akavuka ua, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Na mimi napewa nini?"

"Dada, umeme ni wa mtaa mzima," alisema fundi wa sola. "Wewe utavutiwa waya kama wengine."

"Mwenzangu kaletewa gari zima, mimi waya?" Aliona makasha meusi ambayo wanaume waliyashusha kwa kuhema. "Hayo ni nini?"

"Betri. Zinatunza umeme wa usiku. Tumezijengea kibanda."

"Ziwekwe kwangu."

Wakamwambia zinakula nafasi, tena zina joto. Hakusikia la mtu. Mwenyekiti wa ushirika, ambaye njaa ilikuwa imemshika, akasema basi, apewe. Makochi yakatolewa nje, betri zikapangwa sebuleni ukuta hadi ukuta, na Mshonaji akalala ameridhika kabisa.

Haikuchukua muda akajua alichojifanyia. Sebule ilikuwa na joto la jikoni, na haikuwa na pa kumkaribisha mtu. Kwa Kipenzi kulikuwa na friji, televisheni na feni, na mbele ya feni alikaa mama yao, miguu juu ya stuli. Mama alikuwa wa upande ule tangu zamani. Feni ilimpa kisingizio tu. Mshonaji alikwenda kumwomba aje kwake, hata jioni moja.

"Nikija nitakaa wapi, juu ya betri?" mama aliuliza. Kipenzi akacheka, na mama naye akacheka.

Kicheko hicho kilimkaa Mshonaji kooni. Alikula nacho, akashona nacho. Roho ilimuuma hata alipoisikia feni ikizunguka.

Kisha zikaja mvua. Mawingu yaligoma kuondoka, paneli hazikutoa kitu, na mitaa ya jirani ikarudi kwenye vibatari. Mtaa wao uliendelea kuwaka. Fundi wa sola akaja na mita yake. Alipima paneli, hola. Alipima betri, akazikuta zimejaa pomoni. Akafuata waya mmoja mmoja, na mwishowe akagusisha ncha ya mita kwenye kiwiko cha Mshonaji, aliyekuwa dirishani akimtazama Kipenzi anavyomsuka mama yao nywele. Mshale ukapanda.

"Ni wewe, dada," alisema.

"Mimi nini?"

"Unayezalisha. Kwani unamwonea mtu gere?"

"Nimwonee gere nani? Yule?" Mshale ukagonga mwisho wa mita.

Fundi akakunja nyaya zake, akamshauri anywe maji mengi, akaaga.

Ushirika ulikutana, ukafurahi. Wivu haungoji jua, alisema mwenyekiti, na hauna vipuri vya kuagiza. Zahanati ikapata friji ya chanjo, mashine ya kusaga ikaungwa. Watu walianza kumsalimia Mshonaji kwa heshima, na wengine, kwa kuujali mtaa, walisimama dirishani kwake kumweleza jinsi Kipenzi alivyopendeza leo. Heshima aliipenda, asiseme mtu hakuipenda. Ila alichokitaka kilikuwa ng'ambo ya ua, kimeweka miguu juu ya stuli.

Jioni moja Kipenzi alipata wageni wenye kelele. Mama yao akachukua mkongojo wake, akavuka ua polepole, akasukuma vitambaa pembeni na kuketi juu ya betri.

"Lete vifungo nikusaidie," alisema.

Macho yake hayakuliona tundu la sindano, Mshonaji akamtungia uzi. Wakashona. Mama aliinua shati, akaligeuza nje ndani.

"Mshono wako umenyooka. Sijui kwa nini sijawahi kukwambia."

Mshonaji alikata uzi kwa meno. Moyo wake ulitua, kama mguu uliovuliwa kiatu kinachobana. Balbu ikafifia, kisha ikazimika. Ng'ambo televisheni ikakata, na mashine ya kusaga ikanyamaza mtaa wa nyuma. Wale wawili wakabaki wamekaa gizani, magoti yakigusana.

Watu wakaja na tochi: mwenyekiti, fundi, muuguzi, na Kipenzi nyuma yao. Hakuna aliyekuja na hasira.

"Shikamoo, mama," alisema muuguzi. "Chanjo za watoto zinapata joto."

"Tunaomba tu urudi ng'ambo," alisema mwenyekiti. "Hatukufukuzi."

"Tafuteni njia nyingine," alisema Mshonaji. "Na mimi nina mama."

"Subiri mvua ziishe, dada," alisema fundi. "Paneli zikifanya kazi, mama atakaa popote."

"Na kwani kwangu ni mbali?" Kipenzi aliuliza. "Si mama yetu sote, dada?"

Mama yao alipapasa akaupata mkongojo. "Watu wana shida, mwanangu," alisema. "Na kule kuna feni."

Kipenzi alimshika mkono. Hawakufika katikati ya ua taa zikawaka zote, kwa mkupuo. Watu wakamshukuru Mshonaji, wakatawanyika.

Mvua zilikatika. Jua likawaka vizuri, na ushirika ukaziuza paneli kwa mtaa wa jirani, maana hazikuwa na kazi tena. Kila jioni mama humpungia mkono kutoka kwa Kipenzi, na Mshonaji humwona vizuri sana, kwa jinsi mwanga ulivyo mkali.