Nilivyoiombea Giaboksi Kifo

Gia ya pili na mimi tulikuwa hatusemezani. Ya kwanza iliingia kwa kunung'unika, ya tatu kwa kubembelezwa, lakini ya pili, jamani, ilipiga ukelele kama mtu anayeng'olewa jino na kinyozi. Krrraaa! Kisha pikapu nzima inaruka mbele kama imechomwa sindano, viti vya plastiki huko nyuma vinagongana, na wifi yangu pembeni anaishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Wifi," aliniuliza siku moja, "hapo unabadilisha gia au unasaga mahindi?"

"Nasaga. Ukinyamaza nitakupa unga."

Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Tulianza kugombana siku niliyoolewa na hatujamaliza bado, ila kazi tunafanya pamoja: tunakodisha viti na maturubai kwa wenye shughuli. Yeye anavipokea vikirudi na kuwasema waliovichafua, mimi naendesha. Pikapu ni ya marehemu. Alinifundisha kuiendesha kwa uvumilivu mkubwa, uvumilivu ambao chumvi yangu kwenye mchuzi haikuwahi kuupata.

Basi mwanangu wa kwanza, dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwandani, akatukuta siku hiyo tunaingia getini. Krrraaa. Akafumba macho kama nimemkanyaga kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Inayolia hivyo ni gari au ni wewe?"

"Gari imezeeka, mwanangu."

"Na wewe?"

Mtoto niliyembeba mgongoni, leo anataka kujua mgongo una umri gani.

"Sikiliza, mama. Kesho twende kwa fundi. Akisema giaboksi imekufa, naitafuta nyingine mimi mwenyewe. Akisema ni nzima, basi mguu wako ndio uliochoka. Ufunguo nauchukua, tutafute dereva."

Wifi akajifanya anapanga viti. Masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya sungura.

Nisiwafiche, niliogopa. Nina rafiki yangu aliyenyang'anywa ufunguo na wanawe. Siku hizi asubuhi anatolewa kibarazani, mvua ikija anaingizwa ndani, kama nguo. Watu wakipita wanamuuliza, "Umekula, bibi?" Hakuna anayemuuliza jambo jingine. Mimi huyu bado watu wananiuliza nitafika saa ngapi na mbona nimechelewa. Kutukanwa kwa kuchelewa ni heshima, hamjui tu.

Na mguu wangu nilikuwa na siri nao. Tangu miezi ile ya mvua, vidole ndivyo pekee vilivyofika kwenye klachi, tena kwa kunyoosheka. Nikajiambia, haya basi, ndiyo uzee huo, unasinyaa. Hata magauni yangu nikaona yamerefuka. Sasa utamwambia nani kwamba unaisha kama sabuni? Nikawa nateleza chini kwenye siti mpaka macho yanalingana na usukani. Waliokuwa barabarani waliona pikapu inakuja haina mtu, wakakaa pembeni wenyewe.

Kwa hiyo usiku huo nikaomba. Nimewaombea watu uzima, nimeomba mvua, nimemwombea hata wifi apate usingizi wa mapema. Lakini kuombea kitu kife, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. "Ewe Mola, giaboksi ivunjike meno yote. Isibaki nalo hata moja la kutafunia uji."

Fundi wetu anaitwa Kimya, jina la kumcheka, maana huyo hata akiwa na misumari mdomoni anaongea. Aliingia kwenye pikapu, akaiwasha, akazunguka nayo uwanja wa gereji huku anatusimulia habari za shemeji yake. Gia ya pili ikaingia kama kisu kwenye papai bivu. Akairudia. Papai. Akapanda ya tatu, akashuka ya pili. Papai tupu!

Msaliti mkubwa. Mimi nimekulisha mafuta miaka yote, leo unamchekea mwanamume wa gereji.

"Mama," Kimya akasema akishuka, "hii giaboksi itakuzika."

"Tangulia wewe," nikamjibu.

Mwanangu akanyoosha kiganja. Wifi, aliyekuja eti kunisindikiza, kumbe kuangalia sinema, akasogea karibu aone vizuri. Nikaupeleka mkono mfukoni, ufunguo nikaushika, nikajifanya umenasa kwenye uzi.

"Ngoja kwanza," Kimya akasema. "Mama hajaendesha nimwone. Panda, mama."

Nikapanda. Akachuchumaa mlangoni, macho kwenye mguu wangu. Aibu gani hii, uzeeni kutazamwa mguu na fundi.

"Kanyaga klachi."

"Nimekanyaga."

"Mpaka mwisho."

"Ndio mwisho huu."

"Mwisho wa nani? Wako au wa klachi?"

Akapitisha ngumi yake chini ya klachi, na nafasi ikabaki. "Hii haijashuka hata nusu. Unailazimisha gia iingie wakati haijaachiwa. Italiaje? Hata mimi ningelia. Vuta siti mbele."

"Siti iko palepale ilipo siku zote. Mimi ndiye ninayepungua," nikasema. Likanitoka hivyohivyo, mbele ya watu.

Kimya akachungulia chini, akacheka mpaka akakaa kwenye oili. "Mama, siti imerudishwa nyuma mpaka ukutani! Reli zimeshika kutu. Nani mrefu aliyeiendesha hii gari?"

Sote tukageuka kumtazama mwanangu, aliye mrefu kama ngazi, ambaye miezi ile ya mvua aliiazima pikapu kuhamisha kabati lake.

"Ala!" wifi akapiga makofi. "Ndiyo maana ukawa unaendesha umelala! Mimi nilidhani ni maringo."

Nikapanga kumsuta mwanangu, lakini nimsute kwa lipi? Yeye alisahau siti. Mimi nilikaa miezi yote naaga dunia kwa sentimita, na sikuwahi hata kuinama kuchungulia.

Kimya akamwaga mafuta kwenye reli, akapiga nyundo, na siti ikafyatuka mbele nami nikiwa juu yake. Tumbo likapiga honi, ndefu. Kupungua gani huko!

Tukarudi nyumbani, tukapakia viti vya kupeleka siku hiyo, mwanangu akabanana nasi mbele, tukaukabili mlima wa shule. Nikakanyaga klachi mpaka mwisho wa klachi. Ya pili ikaingia kimya. Hakuna aliyeruka. Ila watu nao hawakukwepa, maana mtaa wetu umezoea kunisikia kabla ya kuniona. Mshona viatu alibaki katikati ya barabara na kiatu mkononi mpaka nilipompigia honi, nusu kwa mkono, nusu kwa tumbo.

Huko juu mwanangu akashuka kuwahi basi lake. "Ufunguo ni wako, mama."

"Na ule mguu uliochoka?"

"Naufuta."

"Ufute kwa sauti, wifi hasikii vizuri."

"Mguu wa mama ni mzima!" akapaza sauti, na wenye maduka wakageuka.

Nikataka kuondoka kwa mbwembwe. Nikaweka gia, nikakanyaga mafuta, pikapu ikaunguruma, ikatetemeka, ikagoma kusogea. Mwanangu akakunja uso. Moyo ukaniambia, kwisha habari yako.

Wifi akatoa kichwa dirishani, akaanza kumpungia mkono na kumpigia kelele asalimie wajukuu. Mkono wake wa pili, chini ya mtandio, ukaishusha breki ya mkono niliyoisahau. Tukaondoka.