Kati ya Wapi na Wapi?

Wiki tatu nzima mwalimu wa fizikia alipiga kelele za swali moja mpaka koo likamkauka: "Kati ya wapi na wapi?"

Kila mwanafunzi aliposema "hapa pana volti mbili", yeye aligonga meza. Tofauti ya potenshali ni baina ya nukta mbili, aliwaambia. Ukitaja moja tu, hujasema kitu. Waliitikia kwa vichwa, wakaandika, na kesho yake wakaja na yale yale. Alichoka nao, alichoka kweli kweli.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Mkuu wa shule, mtu wa historia maisha yake yote, alikuwa ameketi nyuma ya darasa na daftari lake. Wanafunzi wenyewe tisa tu, alikuwa amesema. Akiona hawaambulii kitu, mwakani somo linafutwa na maabara inageuzwa stoo ya madawati. Mlango alikwisha kuupima kama madawati yatapita.

Mbele yao palikuwa na trei ya plastiki yenye maji kidogo. Kila mwisho wa trei kulikuwa na kipande cha bati, vyote viwili vimeunganishwa na betri ya volti sita. Humo majini, mwalimu alieleza, mna uga wa umeme: chaji yoyote ikiwekwa humo itasukumwa, ingawa jicho halioni kinachoisukuma. "Hatuuoni, ila tunaweza kuupima." Aliisogeza trei ili Mkuu aone vizuri, akachovya waya mwekundu wa voltimita, kile kipimo cha volti.

Mshale haukutikisika.

Alichovya pengine. Sifuri. Akabadilisha betri, akaongeza chumvi, akakwangua kutu kwenye bati, akaipiga voltimita mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Sifuri tu. Jana alijaribu mara nne na mara zote ikakubali! Hasira zilimpanda, juu ya betri, juu ya bati, juu ya Mkuu aliyekuwa akitazama saa.

"Mwalimu," Mkuu alisema akifunga daftari, "kama kifaa chenyewe hakijui somo, watoto watalijuaje?"

Akatoka zake. Wawili walicheka, wakauona uso wa mwalimu, wakainamia meza.

"Fungeni madaftari," alisema. Alitaka kulia, na mbele ya watoto wa watu hakutaka.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Wenzake walimwita Mkia kwa kuwa mtihani baada ya mtihani alishika mkia, na jina hilo alikwisha kulizoea.

"Samahani, Madamu. Umepima kati ya wapi na wapi?"

"Mkia, si leo."

"Nauliza kweli, Madamu. Waya mwekundu uko majini. Mweusi je?"

Mwalimu aliinama. Waya mweusi wa voltimita, uliotakiwa kubanwa kwenye bati, ulikuwa unaning'inia chini ya meza. Ulichomoka pale alipoisogeza trei. Wiki tatu za kugonga meza, na aliyepima nukta moja ni yeye!

Aliubana kwenye bati, akachovya tena ule mwekundu. Mshale ukaruka. Akausogeza waya: volti moja, mbili. Katikati ya trei, tatu. Mkia alikwisha kumpokonya waya mwekundu na kuupeleka pembeni, sambamba na bati, na mshale ukabaki pale pale kwenye tatu.

"Mstari huu wote uko sawa, Madamu! Basi kati ya hapa na hapa ni sifuri!"

Hilo hata alikuwa bado hajawafundisha.

"Bebeni trei na voltimita," mwalimu alisema.

Walipita kwenye korido wakimwaga maji mpaka ofisini, wakaitua trei juu ya meza ya Mkuu, juu ya ratiba ya mwakani.

"Mnanilowanishia karatasi!"

"Chovya, Mkuu," Mkia alisema, akimpa waya mwekundu.

Mkuu alichovya, ili waondoke. Akautazama mshale, akamtazama mwalimu.

"Si ile ile sifuri?"

Wote tisa waligonga meza kwa pamoja, vile vile walivyogongewa wao kwa wiki tatu.

"Kati ya wapi na wapi?"

Mwalimu alijiziba mdomo. Mkuu akatazama majini, akatazama mkono wake, kisha akamwona Mkia, aliyekuwa ameushika waya mweusi nyuma ya mgongo, makusudi kabisa.

Mkuu akanyoosha mkono mwingine.

"Lete huo," alisema.