Mtoto wa Merengue

Eneida alipoondoa kitambaa juu ya kikapu, mama yangu alishika ukuta. Mimi nilitukana, tena kwa sauti.

Tulikuwa chumbani kwake, ghorofa ya juu kabisa ya jumba letu hapa Havana, ambalo vyumba vyote vinatazama ua mmoja. Tulikwenda kuchagua mtoto wa mbwa. Kwetu, mwenye dume ndiye anayechagua kwanza, na dume aliyempanda Perla wa Eneida alikuwa wetu: Merengue, mbwa mdogo mweupe, manyoya kama pamba iliyochambuliwa. Marehemu baba ndiye aliyemlea, na kabla yake alimlea baba yake Merengue, na babu yake. Merengue mwenyewe alikufa kabla watoto hawajafumbua macho. Kilichobaki cha ukoo ule, na cha mikono ya baba, kilikuwa ndani ya kikapu.

Hatukuwa tumewaona. Eneida alitundika ushanga mweusi kwenye kikapu na kuapa kwamba hakuna mgeni atakayewatazama mpaka waachishwe ziwa, wasije wakapigwa jicho. Tuliona ni haki yake.

Na sasa hawa hapa. Wanne. Watatu weusi tititi, manyoya mafupi ya kung'aa, viwiliwili virefu, miguu kama iliyokatwa magotini. Mmoja tu alikuwa mweupe.

"Hawa ni wa nani?" mama aliuliza.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Chini kabisa, mlangoni kwa jirani yetu Wilfredo, hulala Tabaco, mbwa wa soseji, mweusi na mrefu kama sigara.

"Siku ile umeme ulipokatika nilifungua mlango nipate upepo," Eneida alisema huku akitazama miguu yake. "Perla alikuwa bado na joto la kutaka dume. Daktari wa mifugo anasema jike mmoja anaweza kubeba mimba ya madume wawili kwa pamoja. Wallahi hata mimi sikujua, shoga."

"Na tangu wazaliwe umenyamaza?"

"Niliogopa. Nilimwambia Wilfredo tu. Halafu si tulisema jicho baya..."

"Jicho baya!" nilipiga kelele. "Jicho baya ni lako wewe!"

"Yordanis, kimya!" Mama akavuta pumzi. "Huyo mweupe. Dume?"

Eneida alimnyanyua yule mtoto, akamgeuza tumbo juu kwenye kiganja chake, akatuonyesha.

Jike.

Nilimgeukia mama. Maana mama, pale uani, kwenye foleni ya maji, alikuwa ametangaza hivi: "Mimi na jike wapi na wapi? Jike akipata joto, madume wa mtaa mzima wanalala kwenye ngazi zako, na damu kwenye vigae unafuta wewe. Dume atainua mguu kwenye kiti, nitafuta, yameisha. Nachukua dume. Majike wote ni wa Eneida, hata wakiwa kumi, na ninyi ni mashahidi!" Watu walimpigia makofi. Mama yangu akisema jambo, limesemwa.

"Madume wako hao," Eneida alisema polepole. "Watatu. Chagua umpendaye."

"Tunamchukua mweupe," nilisema. "Ni damu yetu, na atakayenizuia ajitokeze!" Nikanyoosha mkono kikapuni.

Mama alinipiga kibao mkononi, pa! "Hapa hatukuja kuiba."

"Migdalia, Perla hazai tena," Eneida alisema, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Wameshamtoa kizazi. Na mimi jike niliyebaki naye ni huyu tu."

Mama alimpapasa mtoto yule manyoya. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, wala hospitalini baba alipokuwa akitutoka.

"Naomba."

Eneida alijifuta uso kwa kitambaa cha jikoni. "Akizaa, mimi nachagua kwanza."

"Sawa."

"Na neno lako ulilitolea uani. Kalirudishe hukohuko, wasije wakasema nimekudhulumu, au nimekuogopa."

"Mama, usithubutu," nilisema. "Bora tukose."

Hata hakunitazama. Alitoka, akashika reli ya roshani kwa mikono miwili. Chini watu walikuwa wakicheza dhumna, wanawake wakianika nguo.

"Jamani!" sauti yake ilipasuka. "Mimi Migdalia nilisema sitaki jike! Nilijigamba, na nilikosea! Namwomba Eneida jike mbele yenu nyote!"

Dhumna zilisimama hewani. Kila mlango ulitoa kichwa. Nilisubiri kicheko, ngumi nimezikunja, lakini hakuna aliyecheka. Labda na wao walikuwa wameshtuka kama mimi. Wilfredo peke yake aliita kutoka chini:

"Na hawa wangu weusi, jirani, hawakufai?"

"Kawalee mwenyewe, wamechukua miguu yako!"

Hapo jumba zima likalipuka.

Mama alirudi ndani. Akampokea mtoto kwa Eneida, akamtia kifuani ndani ya blauzi, lakini kwa mkono mmoja kifungo kikamshinda. Eneida ndiye aliyekifunga.

"Nini wewe?" mama aliniuliza. "Funga mdomo, tuteremke. Ana njaa."

Nilijaribu kuufunga. Ulikataa.