Mlango Uliokatwa Mchanga

Asubuhi fundi seremala alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya wifi yake, akiupiga randa mlango wa chumbani. Ilikuwa mara ya tatu tangu aupachike. Mlango ulikuwa umerefuka tena na kukwama kwenye fremu, na mume wa wifi alikuwa ndani, akipewa chai kupitia dirisha.

"Wifi, mlango wako haushikiki," alisema wifi yake, mwenye nyumba. "Jana ulinyanyua dari."

"Mti wake ulikatwa mchanga. Bado unakua."

"Sasa utaacha lini?"

Fundi aliendelea kupiga randa. Vitanda alivyouza karibuni vilikuwa vimeanza kusukuma kuta, na dawati moja la shule lilikuwa limempita mwalimu kimo. Simu ya fundi haikupoa kwa malalamiko ya wateja. Hata chakula alikula akitembeatembea. Mwishowe akaenda kwenye kiwanda kilichomuuzia mbao.

Getini palikuwa na kibao cha zamani. Kiliwekwa na wachimba mgodi waliomaliza miti ya kuegemezea mashimo yao, wakakaa wakakubaliana: kwa mwaka usikate kuzidi kinachoota, ili watakaozaliwa nao wakute msitu. Makubaliano hayo waliyaita uendelevu.

Meneja, mtu mchangamfu, alimkaribisha kiti. Kilikuwa kirefu kiasi kwamba miguu ya fundi ilining'inia.

"Kibao chenu kinasema uendelevu," fundi alisema. "Mbona mnakata miti michanga?"

"Dada yangu, uendelevu si kuendelea? Sisi hatujasimama hata siku moja."

"Na mikubwa?"

"Imekwisha. Lakini mbao hizi zinazokua ni faida tupu! Mtu ananunua kitanda cha mtoto, mtoto anakua nacho."

Kiwanda kingine hakikuwapo. Wifi alitoboa paa ili mlango upite, na mumewe akazoea kuamka na jua usoni. Wateja nao wakaanza kuagiza milango mifupi na kusubiri.

Siku moja lori la kiwanda lilifika karakanani kwa fundi bila mbao. Lilishusha miche ikiwa bado kwenye viriba, vile vifuko vya udongo vya kitaluni, ile iliyooteshwa ikapandwe msituni.

"Meneja kasema uichonge hivihivi," dereva alisema. "Itakulia kwa mteja."

Fundi alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akachukua mche mmoja, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akaulaza juu ya benchi. Ulikuwa na majani manne. Akaanza kutafuta msumeno mdogo kuliko yote aliyokuwa nayo.