Hesabu Zilizobandikwa Ukutani

Kipaza sauti cha kijiji kilipotangaza kwamba mtihani wa kuingia chuo kikuu umerudi, nilijimwagia uji wa mtama mguuni na sikuhisi moto. Miaka kumi na moja! Chuo kilikuwa kimegeuka cha wanaopendekezwa na kamati, na kamati, jamani, ilikuwa na wapwa wengi. Leo eti yeyote aje na kalamu yake.

Yiqing, mke wa jirani yangu Geng, kalamu alikuwa nayo. Vitabu ndivyo hakuwa navyo. Vilichanwa vyote mwaka wa vurugu, vijana walipowageukia walimu wao, kurasa zikaishia kwenye kuta zetu kuziba upepo. Basi ikawa kila asubuhi anazunguka nyumba kwa nyumba, shingo juu, anasoma kuta. Kwangu, juu ya jiko, kulikuwa na hesabu za pembetatu. Watu wakajaa kumtazama, nami sikufukuza mtu. Nyumba isiyo na watu ni ghala tu.

"Umefika wapi, shoga?"

"Nimekwama, Dada Luo. Swali liko huku, njia ya kulifanya iko nyuma. Na nyuma kumegandana na ukuta."

"Basi tubomoe ukuta!" akadakia Mzee Hao, fundi viatu. "Luo alale na mbuzi wake."

Tulicheka, Yiqing hakucheka. Zilibaki wiki tatu. Bila sura ile hesabu ingemwangusha, na hesabu ikianguka, chuo kimekwenda.

Ndipo akaingia mama mkwe wa Yiqing, Mama Geng, na birika la maji yanayotokota. Wiki nzima alikuwa akitangaza kisimani kwamba mkamwana akipata chuo harudi, na mjukuu atamwita nani mama.

Yiqing akaukinga ukurasa kwa mgongo. "Mama, tafadhali."

"Sogea."

"Mama, nakuomba..."

"Sogea nisikuunguze! Gundi ya unga huijui? Ukivuta kwa nguvu unapata vipande. Hii inataka mvuke."

Akausogeza mdomo wa birika. Ukurasa ukalegea pembeni, akaubandua mzima kama utando wa maziwa ya soya.

"Kumbe fundi!" Mzee Hao akasema. "Umejifunzia wapi?"

"Gundi niliipika mimi." Mama Geng hakumtazama mtu. "Vijana walipokuwa wakimburura Mwalimu Pei wa shule yetu uwanjani, mimi nilikuwa nyumbani kwake, najaza kapu kurasa za vitabu vyake. Nilisema karatasi nzuri hii, itapotea bure. Nyingine nikamgawia Luo. Arobaini na kitu ziko kwangu, nyuma ya kabati."

Mimi nilidhani zimetoka ghala la kijiji. Ama tuseme sikuuliza.

"Mwalimu Pei yuko wapi sasa?" Yiqing akauliza.

"Baridi ya mwaka ule hakuivuka."

Yiqing akafuta gundi kwa kiganja, akageuza ukurasa, akasoma mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Chemsha mengine, mama. Twende tukazitoe zote."